Manila, boksi, mialiko ya zamani au karatasi ya nyumbani: kipi kinafaa vikadi vya zawadi?

Kikadi cha zawadi kina kazi mbili, na hazilingani uzito. Ya kwanza ni kumwambia anayefungua zawadi kwamba imetoka kwa nani, na kuendelea kumwambia hivyo hata baada ya zawadi kupokelewa ukumbini, kupakiwa kwenye buti la gari, kupangwa chini ya nyingine na kukaa chumbani siku kadhaa. Ya pili ni kupendezesha. Wengi wanaoamua kutengeneza vikadi kwa mikono yao huanzia kwenye kazi ya pili: huchagua rangi na mapambo kwanza, na swali la iwapo karatasi hiyo inashika wino au inahimili uzi huwajia baadaye, vikadi vikiwa vimeshakatwa. Ulinganisho huu unaanzia kwenye kazi ya kwanza. Nimeweka pamoja aina tano za karatasi zinazopatikana kwa urahisi katika miji yetu, kisha nyuzi za kufungia, nikipima kila moja kwa maswali yale yale: Je, tundu linachanika? Je, wino unakaa? Je, unyevu unaiharibu? Na je, muda na fedha vinavyotumika vinalingana na shughuli yenyewe?

Harusi ndiyo kipimo kigumu kuliko vyote. Wageni hutoa zawadi kwa foleni, muziki ukiwa juu, na maharusi hupokea bila kufungua. Kinachofuata ni mikono ya wasimamizi, ndugu na vijana wa kubeba, ambao hawana muda wa kuangalia kikadi kipi kimeanguka. Zawadi zinapofunguliwa nyumbani, seti ya sufuria isiyo na jina haina mtu wa kushukuriwa, na aliyeitoa, ambaye labda alijinyima ili ainunue, hatasikia lolote. Hilo si jambo dogo katika jamii ambazo shukrani hupelekwa kwa simu au kwa kutembeleana. Kwa hiyo, ninapolinganisha karatasi hapa chini, uzuri wowote unaoshindwa kulinda jina nauhesabu kuwa ni kasoro.

Unene na ukubwa

Unene wa karatasi huandikwa kwa gramu za uzito wa mita moja ya mraba. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80. Kwa kuwa karatasi 16 za A4 ndizo zinazojaza mita moja ya mraba, karatasi moja ya aina hiyo ina uzito wa takribani gramu 5, na mtu mwenye mizani ndogo ya jikoni anaweza kupima rundo la karatasi asiyoijua, akagawa kwa idadi, akajua anashughulika na kitu gani. Kikadi cha kuning'inia hupendeza na hudumu kikiwa cha gramu 200 hadi 300. Kilicho chini ya 160 hujikunja kama jani linalokauka, na kilicho juu ya 300 hukatika kwa shida kwa mkasi wa nyumbani na huikwamisha panchi ndogo.

Ukubwa nao una hesabu yake. Kikadi cha sentimita 5 kwa 10 kinavutia kwa kuwa vipimo vyake ni kamili, lakini A4 ina urefu wa sentimita 29.7 na upana wa 21, kwa hiyo safu tatu za sentimita 10 hazitoshi kwa milimita tatu tu. Utapata vikadi vinane au kumi, kulingana na ulivyoigeuza karatasi, na mabaki mengi. Ukipunguza urefu hadi sentimita 9.5 utapata vikadi 12 kutoka kwenye karatasi ile ile. Anayeandaa vikadi vya kuuza au vya ukoo mzima ataiona tofauti hiyo haraka.

Tundu lipigwe katikati ya upana, na kituo chake kiwe angalau sentimita moja kutoka ukingoni. Panchi ya ofisini hutoboa tundu la milimita 6 hivi, ambalo ni kubwa kuliko uzi mwingi unavyohitaji, na karatasi iliyobaki kati ya tundu na ukingo ndiyo inayobeba mvuto wote. Kipete kidogo cha karatasi ngumu au cha kitambaa, kilichogundishwa kuzunguka tundu kwa pande zote mbili, huongeza nguvu kuliko kubadilisha karatasi yenyewe. Kukata pembe mbili za juu kwa mshazari kunasaidia pia, kwa sababu pembe zilizochongoka ndizo zinazonasa kwenye utepe wa zawadi jirani na kuvutwa.

Manila

Karatasi ya manila ndiyo chaguo la kwanza la watu wengi, na kwa haki. Kila steshenari iliyo karibu na shule huiuza, kwa sababu walimu hutengenezea zana za kufundishia. Ina rangi nyingi. Na karatasi moja kubwa hutoa vikadi vingi kwa bei ambayo haimshtui mtu. Uso wake haujang'arishwa, hivyo hupokea peni ya kawaida, kalamu ya jeli na makapeni bila ubishi. Kwa upande wa wino, sijaona karatasi ya dukani inayoishinda.

Udhaifu wake ni wembamba. Manila ya shule mara nyingi ni nyepesi kuliko kikadi kinavyotaka, na tundu lake huchanika zawadi inapovutwa kwa kushtukia. Dawa ni kuunganisha tabaka mbili, na hapo aina ya gundi ni muhimu kuliko wingi wake. Gundi nyeupe ya maji huilowesha manila, ikakunjamana, na mikunjo hiyo haitoki hata ukiiweka chini ya vitabu. Gundi ya kijiti, ambayo ni kavu zaidi, huunganisha bila kukunja. Paka hadi ukingoni kabisa, kwa sababu tabaka huanza kuachana pembeni.

Jambo jingine ambalo halionekani kwa macho ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Ishike kipande cha mraba, kipinde taratibu kwa upande mmoja kisha kwa upande mwingine, bila kukikunja. Upande unaopinda kwa wepesi zaidi ndio ambao mstari wa pindo unakwenda sambamba na nyuzi. Kata vikadi ili urefu wake ufuate nyuzi, navyo vitasimama wima zaidi. Na kama unataka kikadi cha kukunja kama kitabu, weka mkunjo sambamba na nyuzi, la sivyo rangi itapasuka kwenye mstari wa kukunja na kuacha alama nyeupe.

Kuhusu rangi, chagua za kupauka: krimu, waridi hafifu, samawati hafifu. Manila nyeusi au ya damu ya mzee hupendeza sana kwenye zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya dhahabu, lakini inadai kalamu ya wino mweupe au wa dhahabu, na jina lililoandikwa kwa peni ya bluu juu yake halisomeki usiku chini ya taa za ukumbi.

Boksi

Maboksi membamba ya nafaka za kifungua kinywa, ya majani ya chai, ya biskuti na ya dawa ya meno yana karatasi yenye uzito unaofaa kabisa, na hayana gharama kwa kuwa tayari yamo nyumbani. Kwa uimara wa tundu, boksi linaishinda manila waziwazi. Upande wake wa ndani, ambao huwa wa kijivu au wa kahawia, hupokea peni vizuri. Makapeni husambaa kidogo, kwa hiyo herufi ziwe kubwa na zenye nafasi kati yake.

Tatizo liko upande wa nje. Zawadi inayoning'iniza picha ya pakiti ya chai inaonekana kama bidhaa. Njia nzuri kuliko zote ni kuunganisha vipande viwili, picha kwa picha, ili rangi ya kahawia ibaki nje pande zote mbili. Uso uliochapishwa huwa na ng'aro linaloizuia gundi ya maji isipenye, hivyo usugue kwanza kwa msasa laini hadi ng'aro lipungue. Kikadi kitakuwa kinene, pengine kinene mno kwa panchi ndogo, na hapo msumari mnene na nyundo juu ya kipande cha mbao vitafanya kazi ya panchi. Njia nyepesi zaidi ni kufunika picha kwa karatasi ya kaki. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara kufuata tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya karatasi imezidi kuingia majumbani, na karatasi yake ya kaki ina nyuzi ndefu zinazoifanya iwe ngumu kuchanika japokuwa ni nyembamba. Kaki juu, boksi chini: huo ni mchanganyiko ninaoupenda kuliko manila, na macho yasiyojua hayatambui kwamba umetokana na taka za jikoni.

Epuka boksi la sabuni ya kufulia kwa zawadi ya chakula au ya nguo za mtoto, kwa sababu harufu yake hukaa muda mrefu. Boksi gumu lenye mawimbi ndani, lile la kusafirishia mizigo, halifai kwa zawadi ndogo, bali lina nafasi yake kwenye godoro, jiko la gesi au friji, ambapo kikadi cha kawaida hupotea.

Mialiko na kalenda za zamani

Kila nyumba ya mjini ina droo yenye mialiko ya harusi na kadi za michango zilizokwisha kazi. Karatasi yake ni nzito, mara nyingi ina maua yaliyotuna au mistari ya dhahabu ambayo huwezi kuitengeneza nyumbani, na kwa sura pekee ndiyo inayoongoza katika ulinganisho huu. Katika wino, inashika mkia. Kadi iliyong'arishwa hainywi wino wa peni. Wino hubaki juu, na kidole kikipita jina linavutika na kuwa doa. Jaribu kila kadi pembeni kabla ya kuikata: andika neno, hesabu hadi thelathini, kisha pitisha kidole. Ikiwa linavutika, itumie kama pambo tu, ukagundisha kipande cha manila ya krimu mahali pa kuandikia.

Kuna pia suala la heshima. Mwaliko una majina ya watu, na mara nyingi majina ya wazazi wao na ya kanisa au msikiti. Kata sehemu zenye maua na mistari pekee. Ukikata kizembe, jina la bwana harusi wa mwaka jana linaweza kujitokeza nyuma ya kikadi cha bwana harusi wa mwaka huu, na watu wale wale wanaojuana wakaliona. Mwaliko wa ndugu wa karibu ni afadhali uhifadhiwe mzima.

Kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita haina mashaka hayo. Mgongo wake mara nyingi ni mweupe na hauna ng'aro kali, na picha za mandhari zikikatwa vipande vidogo hugeuka kuwa mabaka ya rangi yasiyo na maana ya wazi, jambo linalopendeza. Ni nyembamba kuliko mwaliko, hivyo iungwe na boksi.

Karatasi ya kutengeneza nyumbani

Hapa ndipo pana furaha kubwa na kazi kubwa. Karatasi iliyotengenezwa kwa mkono ina kingo zisizo sawa, ina madoa ya nyuzi, na hakuna karatasi mbili zinazofanana. Juu ya zawadi iliyofungwa kwa kaki inatosha yenyewe bila pambo lingine. Mahitaji ni karatasi chakavu za fotokopi, beseni pana, na fremu mbili za mbao za ukubwa mmoja, mojawapo ikiwa imewambwa wavu wa dirishani hadi ukaze.

Hesabu ya malighafi inatokana na uzito. Karatasi ya A4 ya gramu 200 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 12.5, na karatasi ya fotokopi ni gramu 5. Kwa hiyo karatasi mbili na nusu chakavu, au tatu ukihesabu upotevu, hutoa A4 moja nene, yaani vikadi 12 vya ukubwa tulioutaja. Zirarue vipande vidogo, uziloweke usiku kucha, kisha usage kwenye blenda kwa maji mengi na karatasi kidogo kidogo, ili mota isiungue. Ukikosa blenda, kinu na mchi vinatosha, ingawa rojo lake litakuwa na mabonge. Mimina rojo katika beseni lenye maji, likoroge, kisha zamisha fremu zote mbili kwa pamoja, ile ya wavu ikiwa chini, ukiziingiza kwa mshazari na kuzinyanyua zikiwa bapa. Maji yakiwa bado yanachuruzika, zitikise taratibu kushoto na kulia, mbele na nyuma. Mtikiso huo wa sekunde chache ndio unaosokota nyuzi zishikane, na karatasi iliyokosa mtikiso hukatika kama mkate mkavu. Ondoa fremu ya juu, pindua ile ya wavu juu ya kipande cha shuka la zamani, kamua maji kwa sponji kupitia wavu, kisha inua. Panga karatasi na shuka kwa zamu, weka ubao juu na uzito juu ya ubao. Baada ya maji kutoka, zianike zikiwa bado zimeshikamana na kitambaa chake, kwa sababu zikianikwa peke yake hujikunja.

Muda wa kukauka ndio unaoamua kama njia hii inakufaa. Wakati wa jua kali siku moja inatosha. Dar es Salaam au Mombasa katika miezi ya masika hata siku mbili zinaweza kupita, na karatasi iliyokaa mbichi muda mrefu huota ukungu. Anayeanza kazi hii siku mbili kabla ya harusi katika msimu wa mvua anajitafutia wasiwasi.

Kwa wino, karatasi hii ina kiu. Ya kiwandani huwekewa dawa ya kuzuia wino usisambae, na katika kusaga na kulowesha sehemu ya dawa hiyo huondoka. Kwa hiyo paka uji mwepesi wa wanga wa mhogo au wa mahindi juu ya karatasi iliyokauka, uianike tena, kisha uipige pasi ukiwa umeweka kitambaa juu. Peni itateleza vizuri. Lakini wanga ni chakula cha mende, hivyo vikadi vya akiba vikae katika kopo lenye mfuniko.

Kwa uimara, kila karatasi inaposagwa upya nyuzi zake hufupika, na nyuzi fupi hushikana kwa udhaifu. Tiba ni kuongeza nyuzi ndefu za mgomba au za katani. Zikate vipande vya sentimita mbili, uzichemshe kwa saa kadhaa katika maji yenye magadi hadi zilainike, uzisuuze sana, kisha uzipondeponde kabla ya kuzichanganya na rojo. Usichemshie katika sufuria ya alumini, kwa sababu magadi huila alumini. Tumia chuma kisichoshika kutu au chombo cha enameli kisichopikiwa chakula, na vaa glavu.

Asiye na muda wa yote haya anaweza kununua karatasi ya aina hiyo ikiwa tayari. Kisumu, mafundi wametengeneza karatasi na kadi kwa magugu maji yaliyolisonga Ziwa Victoria, na katika hifadhi ya Mwaluganje, Kaunti ya Kwale, karatasi imetengenezwa kwa kinyesi cha tembo, mnyama ambaye tumbo lake huacha sehemu kubwa ya nyuzi za majani bila kuyeyushwa. Zikishasafishwa na kuchemshwa hazina harufu. Karatasi moja ya namna hiyo hugharimu zaidi ya manila, lakini ikigawanywa katika vikadi na kuungwa na boksi kwa nyuma inafika mbali.

Kitenge juu ya boksi

Mabaki ya fundi cherehani hayana bei, na kipande cha kitenge kilichogundishwa kwenye boksi huzalisha kikadi kigumu kuliko vyote vilivyotajwa, kwa kuwa pamba iliyofumwa haichaniki tunduni. Tatizo lake ni kupinda. Gundi inapokauka upande mmoja tu huvuta boksi, na kikadi kikainama kama kigae. Gundisha karatasi ya kaki upande wa pili siku hiyo hiyo, ili mvuto ulingane, na uviweke chini ya uzito hadi kesho. Upande wa kaki ndio wa kuandikia. Ili kitambaa kisifumuke, paka gundi nyembamba kwenye kingo zote baada ya kukata. Ukitumia kanga iliyochakaa badala ya kitenge, unaweza kukata hata sehemu ya maneno, ila yasome kwanza mpaka mwisho: kanga nyingi husema mafumbo, na kijembe juu ya zawadi ya wifi si kitu cha kufutwa kwa kuomba radhi.

Uzi wa kufungia

Uzi wa katani una nguvu, ni wa bei nafuu na unaendana na kaki na karatasi ya mkono. Ubaya wake ni vinyweleo vinavyonasa kwenye lesi, sufi na nguo za mtoto mchanga. Utepe wa satini ni laini na unang'aa, lakini unateleza. Fundo lake hulegea lenyewe ndani ya gari, na ncha zake hufumuka usipozipitisha haraka kwenye moto wa kiberiti ili ziyeyuke na kushikana. Uzi mnene wa pamba, ule wa kufumia, hauna mvuto wa pekee lakini fundo lake halifunguki, nami ningeuchagua kwa zawadi yoyote itakayosafiri mbali. Ukindu uliopakwa rangi, kama unaosukiwa mikeka, ni mzuri kuliko yote kwa macho ya mtu wa pwani. Uloweshe kwa maji dakika chache kabla ya kufunga, kwa sababu mkavu hukatika kwenye fundo. Selotepu na gundi ya kubandika kikadi moja kwa moja juu ya zawadi siipendekezi: hubanduka kwenye karatasi za kufungia zenye ng'aro, hasa mahali pa joto.

Namna ya kufunga ina uzito sawa na uzi wenyewe. Kunja uzi katikati, pitisha kitanzi kwenye tundu, kisha pitisha ncha zote mbili ndani ya kitanzi na uvute hadi kikaze. Hapo uzi unaukumbatia ukingo wa kikadi kwa upana badala ya kuukata kwa mstari mmoja. Ncha zifungwe kwenye utepe unaozunguka zawadi nzima, si kwenye ua la juu, ambalo ndilo la kwanza kung'oka.

Shughuli ipi, kikadi kipi

Kwa harusi na sendofu ningechukua kitenge juu ya boksi, au kaki juu ya boksi, na uzi wa pamba. Andika kwa peni au makapeni yasiyofutika kwa maji jina kamili la mtoaji, si "Mama Neema" pekee, kwa sababu ukumbini wanaweza kuwepo kina Mama Neema watatu, na nyuma uandike namba ya simu ili shukrani ipate njia. Mwaliko wa zamani ulioongezewa kipande cha kuandikia unafaa kwa kitchen party, ambako zawadi huwa chache, hukabidhiwa mkono kwa mkono na mara nyingine hufunguliwa pale pale.

Kwa arobaini ya mtoto au ubatizo, karatasi ya nyumbani yenye utepe wa pamba ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza. Zawadi hizo ni za watu wa karibu, idadi yake ni ndogo, tarehe inajulikana mapema, na mzazi mara nyingi huhifadhi kikadi pamoja na picha. Unga wa kumetameta usiwepo kabisa, kwa sababu ni chembe za plastiki zinazopukutika na kuingia machoni mwa mtoto.

Kwa mahafali ya shule, ambapo mhitimu huvikwa mashada na kurundikiwa zawadi uwanjani kwenye vumbi au manyunyu, manila ya tabaka mbili inatosha, mradi jina liandikwe kwa wino usioyeyuka. Kalamu ya jeli iachwe nyumbani siku hiyo.

Kwa Idi na Krismasi, watoto wakiwa ndio mafundi, boksi halina mpinzani, kwa kuwa likiharibika kuna jingine. Wape muhuri wa kiazi: kiazi kikubwa kikatwe nusu, umbo la mwezi, nyota au jani lichongwe kwa kisu na mtu mzima, uso ufutwe kwa kitambaa hadi ukauke, kisha upakwe rangi nzito kwa brashi badala ya kuchovya. Rangi nyepesi hutiririka na kujaza umbo lote. Herufi zichongwe kinyume. Matundu yatobolewe na majina yaandikwe kabla rangi haijaguswa, kwa sababu panchi huchana boksi lililolowa na peni haishiki juu ya rangi mbichi.